Lori Limejaa Lini?

Mfanyabiashara anayekodi lori zima kwa mara ya kwanza huwa na swali moja tu: linabeba tani ngapi? Akishaambiwa thelathini, anaridhika, analipa kianzio, na kichwani mwake imebaki kazi ya makuli. Lakini nenda ghala lolote la Vingunguti au Chang'ombe, Dar es Salaam, siku lori la Tunduma linapopakiwa, usimame kando usiwazibie watu njia, utamwona mtu mmoja ambaye hanyanyui chochote. Makuli wanapita na mifuko mabegani. Yeye anaonyesha kwa kidole. Hapa. Ile isogeze. Hiyo ilaze, usiisimamishe. Anashuka chini, anazunguka nyuma ya tela, anachutama kutazama springi zilivyokaa, anapanda tena. Wengine humwita msimamizi, wengine fundi, na vijana humwita mzee hata kama hajafikisha miaka arobaini. Ni huyo ninayetaka kumsifu hapa, kwa sababu sijui ufundi mwingine mkubwa kiasi hicho katika biashara zetu unaolipwa kwa kuhesabu mifuko.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Mwenye maboksi arobaini ya kupeleka Mbeya hakodi gari la peke yake, anachangia. Mzigo wake unapelekwa kwenye bohari ya msafirishaji, unapangwa pamoja na ya wenzake, huenda njiani ukashushwa Iringa na kupandishwa gari jingine, na mwisho anaukuta stoo ya Mbeya. Analipa kwa kilo au kwa boksi. Kila mzigo unapohama mikono, pana nafasi ya kuvunjika, kulowa au kusahaulika. Lori zima halina mambo hayo. Gari linakuja mlangoni kwako, linapakiwa mzigo wako tu, linafungwa, linatiwa lakiri, na lakiri hiyo hukatwa mbele ya mpokeaji. Hulipii kilo, unalipia safari. Upakie tani 30 au 18, dizeli ya kupanda mlima Kitonga lazima inunuliwe na dereva lazima ale, kwa hiyo bei haipishani sana. Ndiyo maana wazoefu hushauri kwamba mzigo ukishakaribia nusu ya gari, uliza bei ya gari zima kabla hujakubali kuchangia. Wapo pia wenye mzigo mdogo wanaokodi gari zima kwa makusudi: mwenye vioo, mwenye dawa, mwenye mashine, na mwenye majani ya chai ambaye hataki yalale siku mbili jirani na katoni za sabuni. Majani ya chai hunywa harufu ya kila kitu.

Mtu akishalipia safari nzima, tamaa inayofuata ni kujaza gari. Ni tamaa halali. Shida ni kwamba lori hujaa kwa namna tatu, na ni nadra sana zote tatu zikafika pamoja.

Saruji hujaza kwa uzito. Mfuko ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 600 ni tani 30. Ipange kwenye tela la mita 12 na utapata tabaka sita hivi. Kimo chake hakifiki kifuani kwa mtu mzima. Juu yake ni hewa tupu, na mgeni wa kazi hii hudhani ameibiwa nafasi. Magodoro ni kinyume: yamefika juu kabisa, kamba zimepita pande zote, upepo ukivuma tela linatikisika, na bado mzigo wote haufiki hata tani kumi. Limejaa kwa ujazo. Nenda mbali zaidi ukatazame malori yanayoshuka na shaba kutoka Kolwezi nchini Kongo au Kitwe nchini Zambia kuja bandari ya Dar es Salaam. Shaba ni nzito mara tisa hivi kuliko maji. Tani 30 zake hazijazi hata mita nne za ujazo. Vibunda vya mabamba, kila kimoja kikiwa na tani mbili na zaidi, vimetawanywa sakafuni na sehemu kubwa ya tela iko wazi. Anayelipita barabarani huona lori linarudi tupu. Dereva wake anajua kwamba akipakiwa kibunda kimoja zaidi ataingia matatani.

Fundi mzuri huanzia hapo. Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wa Mbeya ananunua nondo, saruji, mabomba ya plastiki na matenki ya maji. Akiwa na msimamizi wa kawaida, atapeleka malori mawili: moja la vitu vizito lililoishia magotini, jingine la matenki lililojaa hewa. Akiwa na fundi, vizito vitalala chini, mabomba yatakaa juu yake, mabomba membamba yatasukumwa ndani ya mapana, na ndani ya matenki utakuta vifaa vidogo. Uzito unaisha karibu sawa na nafasi. Hakuna karatasi inayofundisha hilo kwa kila mchanganyiko. Mtu hulipata kwa kuona mizigo mingi, na kwa kumbukumbu ya ajabu ya nini kilikaa wapi na kikafika vipi.

Namna ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo inayotenganisha fundi na mpangaji. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, haiangalii jumla peke yake. Jumla ina kikomo chake, na gari lenye ekseli nyingi kupita zote haliruhusiwi kuvuka tani 56. Lakini kila kundi la ekseli nalo lina kikomo: ekseli ya usukani tani 8, ekseli mbili pamoja zenye matairi pacha tani 18, ekseli tatu pamoja za aina hiyo tani 24. Lori la Dar es Salaam kwenda Tunduma hupimwa Vigwaza, hupimwa Mikese, hupimwa Makambako, hupimwa Mpemba, na kote huko mizani inataka kujua mambo mawili: una tani ngapi, na umezikalisha wapi.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu sifa za fundi zitaonekana za bure. Chukua tela lenye ekseli tatu nyuma. Mbele limeshikwa na kichwa cha lori kwa pini, nyuma limekalia ekseli. Tuseme kutoka kwenye pini hadi katikati ya ekseli hizo ni mita 8, na tela lenyewe likiwa tupu linazikandamiza kwa tani 5. Pakia mifuko 600 ya saruji, kitovu cha uzito kikae mita 5 nyuma ya pini. Ekseli za nyuma zitabeba tano ya nane ya mzigo, yaani tani 18.75, ongeza 5 za tela, unapata 23.75. Kikomo ni 24. Unapita. Sasa chukua mifuko ileile, lori lilelile, ila wapakiaji wamejaza zaidi mkiani kwa sababu ndiko wanakoingilia na ndiko karibu, na kitovu kimerudi nyuma nusu mita. Ekseli sasa zinabeba tani 20.6 za mzigo, na jumla yake ni 25.6. Hujaongeza hata mfuko mmoja, na gari zima na mzigo wake bado liko chini ya tani 50 zinazoruhusiwa kwa lori la ekseli sita. Mizani itakusimamisha vilevile. Utatozwa, na utatakiwa kupanga upya au kupunguza kabla ya kuondoka. Kwa maana nyingine utatafuta makuli usiowajua, uwalipe bei yao, wahamishe saruji juani kando ya barabara huku mteja wako anapiga simu.

Nusu mita! Fundi hana kompyuta wala hajakokotoa hiyo tano ya nane. Anachotazama ni springi na matairi. Anajua tela fulani likiwa tupu linakaa vipi, anajua ubavu wa tairi unavyotuna mzigo ukifika mahali pake, na anajua kwamba tabaka la juu lisifike mkiani bali liishie kabla. Sehemu ile iliyoachwa wazi nyuma, ambayo mwenye mzigo huitazama kwa uchungu, ndiyo inayompitisha Vigwaza. Nimewaona wenye mali wakibishana naye. "Mzee, si pana nafasi pale?" Naye hujibu kwa utulivu wa mtu aliyeulizwa swali hilo maisha yake yote: "Nafasi ipo, bosi. Ruhusa ndiyo haipo."

Wengi huuona ukali huu wa ekseli kama mtego wa kukusanya faini. Si haki. Kati ya mwaka 1958 na 1960, huko Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi waliendesha malori usiku na mchana juu ya barabara za majaribio ili kupima zinavyochakaa. Kanuni iliyotokana na kazi hiyo inatumika hadi leo kwa makadirio: uharibifu wa lami hukua kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli inayotakiwa kubeba tani 10 ikibeba 12, imeongezewa sehemu ya tano tu ya uzito, lakini inaiumiza barabara zaidi ya mara mbili. Yale mawimbi ya lami yanayoonekana kwenye miinuko, ambayo magari madogo huyapita kwa kuhangaika, hayakuletwa na mvua peke yake. Yalipakiwa ghalani.

Baada ya mahali pa uzito linakuja suala la kuutuliza uzito. Tela likiwa limesimama, mzigo wowote unaonekana mtulivu. Barabara ndiyo inayouamsha. Lori linapopanda kona za Kitonga kutoka Ruaha Mbuyuni, kila kitu kinataka kurudi nyuma. Linaposhuka kuja Dar es Salaam, kila kitu kinataka kumfuata dereva. Na kwenye kona zenyewe mzigo unataka kutoka kwa ubavu. Kanuni za ufungaji wa mizigo zinazotumika Ulaya hulisema hilo kwa namba: mzigo ufungwe uweze kuhimili nguvu ya kuelekea mbele inayolingana na asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Kwa tani 30 za nondo, breki moja kali ni tani 24 zinazosukuma kuelekea kwenye kiti cha dereva.

Nondo zinastahili maneno ya ziada, maana kwangu ndizo mtihani wa kweli wa kazi hii. Zina urefu wa mita 12, ni laini zikisuguana, na chuma juu ya chuma huteleza. Mtu asiyejua huzirundika, hupitisha mnyororo juu, hukaza hadi mnyororo ulie, na huona amemaliza. Mnyororo huo unashika zile za juu na za kando. Zilizo katikati ya rundo hazijui kama kuna mnyororo. Siku ya breki zitachomoka kutoka kati ya nyingine. Fundi hufunga kwanza vifungu vidogo, kila kimoja kimebanwa peke yake kwa waya. Halafu huweka vipande vya mbao chini na kati ya tabaka, kwa sababu mbao hushika pale ambapo chuma kinateleza. Halafu huzisukuma zote zigote ukuta wa mbele wa tela, pasibaki upenyo wa kuanzia mbio. Mnyororo huja mwisho. Kazi yake ni kugandamiza mzigo chini ili msuguano uongezeke, na msuguano ndio unaozishika. Baada ya kilomita chache dereva anayejua kazi husimama, hushuka na kukaza tena, kwa kuwa mzigo umeshajikalia na mnyororo uliokuwa umekazwa Dar es Salaam umeshalegea kabla ya Chalinze. Mwenye mali akimwona amesimama hudhani anakunywa chai.

Mifuko ina adabu yake. Hupishanishwa tabaka kwa tabaka kama mwashi anavyopishanisha matofali, ili kusiwe na ufa unaoshuka wima kutoka juu hadi chini. Safu za pembeni huinamishwa ndani kidogo, na kimo hupunguzwa kuelekea juu. Turubai nalo lina mpangilio. Yakiwa mawili, la nyuma hutandazwa kwanza na la mbele likalalia ukingo wake, upepo wa mwendo usipate pa kuingizia mkono. Ukiona turubai la lori limejaa upepo njiani, jua liliwekwa na mtu mwenye haraka, na kama chini yake ni saruji na mbele kuna mvua ya Makambako, mteja atapokea mawe.

Vimiminika sitavisemea sana, kwa kuwa matenki yake hujengwa kiwandani na fundi wa ghala hana la kufanya. Itoshe kusema kwamba tenki la mafuta lililojaa nusu huogopwa kuliko lililojaa, maana kilichomo kinakimbia huku na huko kwenye kona. Ndiyo sababu matenki hugawanywa vyumba, na kila chumba huachiwa nafasi kidogo ya mafuta kutanuka kwa joto.

Kuna jambo moja la kushangaza ambalo wafanyabiashara wenye wateja wawili au watatu kwenye njia moja wanapaswa kulijua. Tuseme lori limepakiwa la Tunduma mbele na la Mbeya mkiani, kama inavyopaswa, wa kwanza kushushiwa akiwa karibu na mlango. Linapita mizani zote hadi Makambako bila neno. Mbeya linashusha tani 6. Dereva anaondoka akiwa mwepesi, na Mpemba anaambiwa ekseli za kichwa zimezidi. Imewezekanaje mzigo upungue na uzito uongezeke? Ni kwa sababu zile tani 6 zilikaa nyuma ya katikati ya ekseli za tela, na kwa kukaa huko zilikuwa zinauinua mkono wa mbele. Kama zilikuwa mita moja na nusu nyuma ya ekseli kwenye tela lile la mfano wetu, kuzishusha kunarudisha tani moja na ushee juu ya pini. Fundi anayeambiwa mapema kwamba kuna vituo viwili hupanga akiwaza safari mbili: ile kabla ya Mbeya na ile baada yake. Asipoambiwa, hana namna ya kujua.

Ujuzi huu haukuanza jana. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965, njia ya kusini ya Zambia iliingia mashakani, na mzigo wake mwingi, hasa mafuta, ukageukia barabara ya Dar es Salaam, ambayo wakati huo sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi na matope. Malori yalipanda na mapipa ya mafuta, yakashuka na shaba. Bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968 mafuta yalipata njia yake, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976. Malori hayakuondoka. Wapakiaji wa leo wamefundishwa na waliofundishwa na watu wa mapipa yale, na mizani ya kisasa ya Vigwaza, inayopima gari likiwa kwenye mwendo, imeukuta ujuzi huo ukiwa mtu mzima.

Kontena ndilo linalomnyima fundi wetu kazi na kumwachia lawama. La futi 40 lina ujazo wa mita 67 hivi, limefungwa kwa lakiri huko lilikotoka, na mpakiaji wa bandarini haruhusiwi kulichungulia ili kuona kama mashine zimerundikwa mlangoni. Tangu tarehe 1 Julai 2016 kanuni za kimataifa za usalama baharini zinataka kila kontena liwe na uzito uliothibitishwa kabla ya kupandishwa melini. Ni hatua nzuri, ila uzito huo ni wa jumla. Hausemi kitovu kiko wapi. Upakiaji mbaya uliofanywa Guangzhou hugunduliwa Vigwaza na dereva ambaye hakuwepo. Anayeagiza mzigo mzito kutoka nje amwandikie muuzaji kabla ya kufungwa: vizito vienee sakafuni, visikae upande mmoja wala mwisho mmoja, na picha zipigwe kabla ya mlango kufungwa. Picha hizo hazigharimu chochote.

Kinachonisikitisha ni malipo. Makuli hulipwa kwa mfuko au kwa tani, na msimamizi wao hupata fungu kutoka humohumo, kwa hiyo kila dakika anayotumia kufikiri inamtoa shilingi mfukoni. Tumeweka utaratibu unaomwadhibu mtu kwa kuifanya kazi yake vizuri, halafu tunashangaa malori yanapopangwa upya kando ya barabara. Gharama ya siku moja ya lori kusimama, pamoja na faini na makuli wa njiani, ingemlipa fundi kwa malori mengi.

Kwa hiyo wewe unayekodi lori zima wiki ijayo, mlipe fundi kwa lori na si kwa mfuko. Mwambie vituo vyote kabla mfuko wa kwanza haujapanda. Usimharakishe jioni kwa sababu geti linafungwa; afadhali gari lilale hapo liondoke asubuhi. Na ikiwa mzigo ni tani 32, andika 32 kwenye hati, usipunguze.